Stebilaiza ya DaVinci Resolve kwa anayepiga video za kadodi, kwanjula na harusi

Video ya kadodi, ngoma ya msafara wa tohara, haipigwi ukiwa umesimama pembeni. Anayesimika kamera kwenye miguu mitatu akangoja msafara umpite atarudi nyumbani na migongo ya watu na vumbi. Ngoma zinaning'inia shingoni mwa wapigaji, njuga zinalia mapajani mwa vijana wanaokwenda kutahiriwa, mashangazi wako mbele wanacheza, na wote wanakwenda nusu kutembea nusu kukimbia kutoka kwa mjomba huyu hadi kwa yule. Ukiutaka uso wa kijana, na unga wa ulezi uliokaukia kwenye paji lake, ingia katikati ukimbie nao, tena mara nyingi kinyumenyume, kamera ikiwa mkononi. Hapo picha lazima itikisike. Hakuna mkono wa binadamu utakaoizuia.

Kazi yangu ni video, hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Imbalu, yaani msimu wa tohara wenyewe, huja kila baada ya mwaka mmoja, kwa miaka kama 2022 na 2024, ikifunguliwa kwenye uwanja wa Mutoto mwezi wa Agosti. Katikati yake ni kwanjula (bwana kutambulishwa kwa wakwe), harusi, mahafali na matangazo ya maduka. Gimbali, mshikio wenye mota unaoisawazisha kamera, ninayo na harusini inanifaa sana, lakini ndani ya kadodi mtu akikupiga kiwiko mota zinashtuka, kamera inatazama mbinguni, na hadi uirudishe sawa kijana ameshapita. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutuliza picha naifanya baadaye, mezani, ndani ya programu ya kuhariri. Nimepitia programu kadhaa. Niliyobaki nayo, na ninayotaka kuieleza kwa kirefu, ni DaVinci Resolve, toleo la bure.

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na vijana wanaoanza. Resolve inatengenezwa na Blackmagic Design, kampuni ya Australia iliyoinunua da Vinci Systems mwaka 2009. Toleo la kawaida halilipiwi chochote na halina muda wa kuisha. Halibandiki alama kwenye video yako isipokuwa umegusa efekti za toleo la kulipia. Toleo hilo la kulipia, Studio, ni dola 295, unalipa mara moja tu. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni moja, na kwa kutuliza picha peke yake huna haja nalo: stebilaiza iko ndani ya toleo la bure. Toleo la bure linatoa video hadi pikseli 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. Sijapata mteja wa harusi aliyedai zaidi ya hapo.

Gharama ya kweli iko kwingine. Faili la kupakua linazidi gigabaiti 2, kwa hiyo nunua bando la usiku au mwombe rafiki aliye nalo kwenye flashi. Kisha kuna laptopu. Yenye RAM ya gigabaiti 8 itaifungua programu, ila utafanya kazi kwa kuugua. RAM ya 16 ndipo pa kuanzia, pamoja na kadi ya michoro inayojitegemea, kwa sababu Resolve huiegemea kadi hiyo kuliko programu nyingi za kuhariri. Wengi hukosea hapo: wananunua laptopu yenye prosesa nzuri na kadi dhaifu, halafu wanailaumu programu.

Sasa kazi yenyewe. Unachagua klipu kwenye taimlaini, unafungua Inspector upande wa kulia, unashuka hadi sehemu iliyoandikwa "Stabilization", unabonyeza "Stabilize". Programu inapitia klipu fremu moja baada ya nyingine. Katika kila fremu inatafuta vitu vyenye umbo la kushikika, kama kona ya dirisha, ukingo wa bati, maandishi ya kibao, kisha inavitafuta tena kwenye fremu inayofuata. Vikiwa vimesogea kulia kidogo, inajua kamera ilikwenda kushoto, nayo inaisukuma picha nzima irudi. Hayo tu. Lakini picha ikisukumwa, kingo zake zinaacha weusi, na weusi huo lazima ufichwe. Kisanduku cha "Zoom" kikiwa na alama, programu inaikuza picha hadi weusi utoke nje ya fremu.

Hapo ndipo unapolipa, na ni vizuri ujue unalipa kiasi gani. Klipu ya pikseli 1920 kwa 1080 ikikuzwa kwa asilimia 10, kilichobaki cha kweli ni kama 1745 kwa 982. Ikikuzwa kwa asilimia 20 unabaki na 1600 kwa 900, na jicho la mzazi anayetazama kwenye runinga kubwa ya sebuleni litaona kwamba picha imelegea. Dawa yake ni kupiga kwa 4K na kuhariri kwenye taimlaini ya 1080. Klipu ya 4K ina upana mara mbili na kimo mara mbili, kwa hiyo unaweza kuikuza hata mara mbili bila kuchota pikseli za kubuni. Tangu nianze kufanya hivyo, kelele yangu kuhusu ukungu wa picha imekwisha. Kadi za kumbukumbu zinajaa haraka, ndiyo, lakini kadi inafutwa na kutumika tena. Uso wa kijana siku ya imbalu haurudiwi.

Pia piga kwa upana kuliko unavyotaka kuona mwishoni. Acha nafasi juu ya kichwa na pembeni. Programu itakula kingo, na ikikuta kichwa kimegusa juu ya fremu, itakula nywele, kofia na yale manyoya ya mbega anayovaa kijana kichwani.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kata kwanza, tuliza baadaye. Programu inachagua kiasi kimoja cha kukuza kwa klipu nzima, na kiasi hicho kinaamuliwa na mtikisiko mbaya kuliko wote. Ukiwa na klipu ya dakika mbili ambamo ulijikwaa mara moja tu, dakika zote mbili zitakuzwa kwa ajili ya kujikwaa kule. Ukiikata ukabaki na sekunde nane unazozihitaji, zile nane zitakuzwa kidogo mno. Ukija kuirefusha klipu baada ya hapo, bonyeza "Stabilize" tena, kwa kuwa sehemu mpya haijapimwa.

Kuna namna tatu za kupima. "Perspective" ndiyo yenye nguvu kuliko zote: inasahihisha kwenda kando, juu na chini, kukuza, kuzunguka, na hata mbonyeo wa picha unaotokana na kamera kuinama. "Similarity" inaacha huo mbonyeo na kushughulikia mengine. "Translation" inasahihisha kando na juu-chini tu. Watu hudhani yenye nguvu ndiyo bora. Mimi kwa kadodi naanza na "Similarity" karibu kila mara, maana "Perspective" ikizungukwa na miili inayorukaruka huanza kuipinda picha: kuta zinanepa, mlango unapanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu anayepumua. Kwa barabara, majengo na vyumba vilivyotulia, hapo "Perspective" inafanya kazi safi.

Chini yake kuna vitelezi vitatu. "Cropping Ratio" inasema uko tayari kupoteza kingo kiasi gani. Ikiwa 1 hakuna kinachotulizwa, na kadiri unavyoishusha ndivyo programu inavyojipa ruhusa ya kukata zaidi. "Smooth" inalainisha mwendo wa kamera, kwa hiyo unabaki na safari ya kamera bila zile tetemeko ndogo. "Strength" ni nguvu ya jumla: 1 ni yote, 0 ni hakuna. Kila ukibadilisha kitu, rudia kubonyeza "Stabilize", la sivyo utakaa pale ukishangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Kwa kadodi mimi naishusha "Strength" hadi kati ya 0.6 na 0.7. Nataka hilo lieleweke vizuri. Kadodi iliyotulizwa hadi mwisho inakufa. Mdundo unausikia kwa sikio, ngoma zinagonga, miguu inapiga ardhi, halafu picha inaelea kana kwamba imepigwa kutoka kwenye wingu. Sikio na jicho vinagombana. Mtazamaji anahitaji kuhisi kwamba mpiga picha alikuwa na miguu na alikuwa anakimbia pamoja na watu. Kinachostahili kuondolewa ni lile tetemeko kali la mkono, ule mruko wa fremu moja au mbili unaoumiza macho. Mwendo wa hatua ubaki.

Klipu moja ya msimu wa 2024 ndiyo iliyonifundisha programu hii kuliko maelezo yoyote. Msafara ulikuwa unapanda njia ya vumbi, mlima Wanale nyuma yake na ule ukuta wake wa mawe, mpiga ngoma yuko karibu kabisa na lenzi, kijana yuko katikati. Niliituliza kwa haraka nipate ya kumwonyesha mama wa kijana kabla sijaanza kuhariri rasmi. Mama alikuja dukani akiwa bado na gomesi ya kanisani, akakaa, akaitazama kimya. Kisha akauliza, "Mwanangu, mbona hapa mlima unatembea?"

Aliona sawasawa. Ngoma na watu walikuwa wamejaza fremu zaidi ya nusu, na stebilaiza yoyote inayosoma picha haijui mlima ni nini na mtu ni nini. Inaamini kwamba vingi vinavyokwenda pamoja ndiyo dunia iliyosimama. Watu wale walikuwa wanaruka pamoja kwa mdundo mmoja, kwa hiyo programu ikawashikilia wao wasiruke, na kilichobaki, yaani Wanale nzima, kikawa kinapanda na kushuka nyuma yao. "Mama," nikamwambia, "nipe hadi kesho jioni."

Suluhisho liko kwenye ukurasa wa "Color", na ndilo linaloifanya Resolve izidi programu nyingi za bure. Kwenye sehemu ya kufuatilia mwendo, menyu yenye nukta tatu kwenye kona inakuruhusu kuchagua stebilaiza ya zamani, "Classic Stabilizer". Hiyo inakuruhusu uamue mwenyewe kipi kimesimama. Unaweka nukta kwa mkono wako, mahali unapojua hapasogei. Niliweka moja kwenye pembe kali ya ukuta wa mawe juu ya Wanale na nyingine kwenye kichwa cha nguzo ya umeme. Nikaiambia ifuatilie. Ilikwenda vizuri hadi mwavuli wa shangazi mmoja ulipokatiza mbele ya nguzo, ile nukta ikauparamia mwavuli na kuondoka nao. Hilo nalo ni la kawaida: nukta inafuata rangi na umbo, ikizibwa inakamata kilicho karibu. Nikaikata klipu palepale mwavuli unapoingia, nikatuliza kipande cha kwanza peke yake, na pale kwenye mwavuli nikaingiza picha ya karibu ya mikono ya mpiga ngoma. Mlima ukasimama. Kijana na watu wake wakaendelea kuruka, kama inavyotakiwa.

Nukta nzuri ina sifa mbili: ina kona au mgongano wa rangi, na iko mbali na kamera. Ukuta mweupe mtupu hauna cha kushika. Mstari mrefu ulionyooka, kwa mfano waya wa umeme, nao ni mbaya, kwa sababu nukta inateleza juu yake bila programu kujua. Na maji usiyaguse kabisa. Ukipiga Sipi kule Kapchorwa, maporomoko yakajaza fremu, programu itajaribu kuyashika maji yanayoanguka na mwamba utapanda juu. Pata miti au mwamba kwenye kingo za picha, uweke nukta zako huko.

Kwa kwanjula na nikahi kazi ni nyepesi. Bibi amekaa kwenye mkeka anazungumza, msemaji wa upande wa bwana anasimama na kanzu yake, hakuna anayekimbia. Umeshika kamera mkononi kwa sababu hema limejaa na hakuna pa kutandaza miguu mitatu. Hapo weka alama kwenye "Camera Lock". Inafunga "Cropping Ratio" na "Smooth" na kufanya jambo moja tu: kuondoa mwendo wote wa kamera. Kama kweli ulijaribu kusimama wima, klipu inatoka kana kwamba ilipigwa kwenye stendi, na kingo zinazopotea ni chache. Kama uliigeuza kamera kumfuata mtu hata kidogo, usiitumie. Itajaribu kukupa picha iliyosimama kutoka kwenye picha iliyogeuka, na utapata kidirisha kidogo kilichokuzwa kupita kiasi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hakuna programu inayoutibu, na ni lazima uuzuie ukiwa bado na kamera mkononi. Ni ukungu wa mwendo. Kamera ikitikisika huku shata, mlango unaopitisha mwanga ndani ya kamera, iko wazi kwa muda mrefu, kila fremu inapakwa kidogo. Programu inaweza kuirudisha fremu mahali pake, lakini haiwezi kuufuta ule ukungu. Matokeo yake ni ya ajabu: picha imesimama, halafu inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, bila sababu inayoonekana. Mchana wa Agosti haikusumbui, jua letu linailazimisha shata kwenda kasi yenyewe. Jioni ndipo pagumu. Kama nitaituliza klipu baadaye, napandisha shata hadi 1/100 ya sekunde na kukubali chembechembe kidogo za giza. Ndani ya hema lenye taa za umeme nabaki kwenye 1/50 au 1/100, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na shata ikikataa kwenda sambamba nao, taa zinapitisha mistari kwenye picha. Chembechembe zinapunguzika. Ukungu ni wa kudumu.

Ugonjwa wa pili ni picha ya rojorojo, na mama yake ni bodaboda. Sensa za kamera nyingi na simu zote tunazotumia husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Injini ya pikipiki inatetema haraka kiasi kwamba mstari wa juu unasomwa kamera ikiwa hapa na wa chini ikiwa pale. Nguzo zinakuwa za kujikunja. Resolve itakutulizia fremu, ila ndani ya fremu yenyewe nguzo bado imejikunja. Msafara wa bibi harusi kutoka Kumi Road kuelekea mjini mimi sasa naupiga kutoka kwenye gari lililofunguliwa dirisha, kamera nimeishika hewani bila kuiegemeza kwenye mlango, mwili wangu ndio unaobeba mishtuko. Na kwa wanaofunga simu zao kwenye usukani wa pikipiki: mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha mfumo wa kutuliza lenzi ndani ya iPhone. Simu ni ghali. Usiifanye hivyo kwa ajili ya sekunde tano za video.

Ikiwa kazi yako ni ya pikipiki, baiskeli au droni, basi kuna chombo kinachofaa kuliko Resolve, nacho pia ni cha bure: Gyroflow. Hiki hakiupimi mtikisiko kwa kutazama picha. Kinasoma kumbukumbu za jairoskopu, yaani kipima mzunguko wa kamera, ambazo baadhi ya kamera huziandika ndani ya faili, kama GoPro na Sony kadhaa, mfano ZV-E10. Kwa kuwa kinajua kamera ilizungukaje kila sehemu ya sekunde, hakidanganywi na umati wala maji, na kinaweza kuisahihisha ile rojorojo mstari kwa mstari. Masharti yake ni magumu kidogo: uwe na kamera inayoandika takwimu hizo, uchague lenzi sahihi kwenye orodha yake, na uzime utulizaji wa kielektroniki wa kamera wakati wa kupiga. Mwenzangu mmoja wa Tororo anayepiga mashindano ya baiskeli hatumii kingine. Video za simu nyingi haziingii huko, na wateja wengi hutuletea klipu za simu za jamaa zao tuzichanganye na zetu.

Hizo za simu zina shida yake. Simu mara nyingi imeshaituliza video wakati wa kupiga. Ukiituliza tena, stebilaiza ya pili inahangaika na makosa ya ile ya kwanza, na unapata picha inayoogelea. Klipu ya simu iache ilivyo, au itulize kwa "Translation" na nguvu ndogo sana.

Ulinganisho na Premiere Pro, programu ya kuhariri ya Adobe, siwezi kuukwepa, maana studio nyingi za Kampala zinaitumia. Stebilaiza yake, Warp Stabilizer, ilianza kwenye programu dada ya After Effects CS5.5 mwaka 2011, ikaingia Premiere CS6 mwaka uliofuata, na ni kazi nzuri. Unaitupa juu ya klipu, inapima kwa nyuma huku unaendelea kuhariri kipande kingine, na hilo la kukuacha uendelee ni raha kwa mtu mwenye klipu nyingi. "Subspace Warp" yake, ambayo ndiyo inayokuja imechaguliwa, inapinda sehemu mbalimbali za picha kila moja kivyake. Kwa mandhari inatoka tamu, kwa umati inaleta kule kunepa kwa kuta nilikosema, kwa hiyo ibadilishe iwe "Position, Scale, Rotation" na ushushe ulaini kutoka ile 50 unayoikuta. Kitu kinachowachelewesha watu ni kwamba haikubali klipu uliyobadilisha kasi. Lazima kwanza uifunge ndani ya mfuatano mwingine. Na Premiere inalipiwa kila mwezi, kwa kadi ya benki, kwa dola. Ndugu yangu unayeanza na kamera ya mkono wa pili, mwezi usio na harusi programu bado inadai.

CapCut kwenye simu inafaa kwa klipu fupi za mtandaoni: unachagua kiwango cha kutuliza na basi, hakuna nukta wala vitelezi vya maana. Anayetumia Linux ana Kdenlive, yenye stebilaiza iitwayo vid.stab ndani yake, ni ya bure na inafanya kazi polepole lakini kwa uaminifu. Kwa mtu wa Linux naitaja makusudi, kwa sababu Resolve ya bure upande huo haisomi H.264, namna ya kubana video, na kamera zetu karibu zote zinaandika hiyo. Kwenye Windows na Mac husumbuki.

Neno kuhusu mwendo wa polepole. Kadodi iliyopigwa kwa fremu 50 na kuchezwa kwa 25 inatulia nusu yake bila programu yoyote, kwani mtikisiko nao umepunguzwa kasi. Miguu ikiinuka polepole, vumbi likisimama hewani, njuga zikiachana na ngozi ya paja, hapo "Strength" ya 0.3 inatosha. Mimi hutuliza kwanza, halafu naifunga kuwa klipu moja ya pamoja, ndipo nabadilisha kasi.

Muda wa kupima unategemea laptopu. Kwenye yangu, klipu fupi za 4K zinapimwa wakati nameza chai, ndefu zinanipa nafasi ya kwenda kununua rolex, ile chapati ya mayai. Nahifadhi mradi kila nikimaliza klipu moja, na umeme ukionyesha dalili ya kukatika nasimamisha upimaji, maana betri ikibaki peke yake laptopu inapunguza nguvu ya kadi ya michoro na kazi ya dakika moja inakuwa ya kumi.

Mwisho kuna WhatsApp, kwa sababu huko ndiko video zetu zinakotazamwa, na shangazi aliye London au Juba hataiona kwenye runinga yangu. WhatsApp inaibana video kwa nguvu. Mbano wa namna hii huhifadhi kile kinachobadilika kati ya fremu na fremu. Picha inayotetemeka hubadilika kila mahali kila wakati, ukuta, nyasi, mlima, vyote, kwa hiyo faili dogo halitoshi na nyuso zinageuka vigae. Klipu ileile ikitulizwa, mlima umesimama, ukuta umesimama, na nafasi yote iliyobaki inawaendea watu wanaocheza. Hata kama mteja wako hajali mtikisiko, tuliza kwa ajili hiyo. Itoe kwa 720 kwa WhatsApp, ikate vipande vya dakika mbili au tatu, na ile ya 1080 umpelekee kama dokumenti au umpe kwenye flashi.